Aliyemchemsha Bi Harusi

Mashine ilikata sauti tawi likiwa bado mdomoni.

Ilikuwa Alhamisi, kama saa nne asubuhi, shambani kwa Gaspar pale Mwese. Watu kwanza walisikia mlio ukipanda, ukawa mwembamba kama wa mtu anayelalamika kwa pua. Halafu mvuke ukafumuka juu ya rejeta kwa kishindo, na harufu ya rangi inayoungua ikatambaa mpaka jikoni. Malale, kijana aliyekuwa anaiendesha, akarukia waya wa kuzimia na kuuvuta. Kimya. Hata kuku walitoka uvunguni mwa ghala kuja kuona kulikoni.

"Bi Harusi amechemsha," mtu akasema.

Ndilo jina walilokuwa wameipa ile mashine ya kusaga matawi. Ilikuwa mali ya kikundi cha wakulima wa kahawa. Matawi yanayopunguzwa kwenye mibuni na kwenye miti ya kivuli yanaingia huku, yanatoka chenga kule, na chenga zinatandazwa chini ya mibuni ili ardhi isikauke kiangazi. Mashine ilihama nyumba hadi nyumba kwa zamu, ikikokotwa na ng'ombe wa Malale, na kamwe haikuhama kimyakimya. Nyumba inayoitoa iliiosha kwanza, akina mama na mabeseni yao. Nyumba inayoipokea ilikuja kuichukua kwa vigelegele, ikalala uani kwao usiku mmoja, na kesho yake mwenye nyumba akapikia umati. Jana yake tu, kwa Fausta ilikotoka, akina mama walikuwa wameisugua mpaka inang'aa: Verdiana magurudumu, Séverine mdomo wa kulishia matawi, Gaudensia rejeta na vifuniko vyake, huku maneno yakienda kuliko maji.

Na sasa bibi harusi huyohuyo alikuwa anatoa moshi mbele ya wakwe.

Gaspar, mwenye shamba na mwenyekiti wa kikundi, alifika akipangusa mikono. Alisubiri mvuke upungue, akafungua mfuniko wa rejeta kwa tambara, akaingiza kijiti. Kikatoka kikavu.

"Nyie mmeona," akasema. "Haina maji."

"Maji niliweka, mwenyekiti," Malale akajibu. "Asubuhi niliijaza mpaka shingoni."

"Yako wapi? Yamepaa?"

"Ndiyo. Si umeyaona yakipaa."

Watu wawili watatu wakacheka, na hapo Malale akawa amejiharibia. Gaspar hakuwa mtu wa kuchekewa shambani kwake.

"Lete hendeli," akasema.

Hendeli ni lile chuma lililopinda la kuwashia injini kwa mkono. Aliyelishika ndiye dereva wa mashine, hakuna cheo kingine. Malale alilitazama kidogo, akampa.

"Saa tisa tunakaa kikao hapahapa barazani," Gaspar akawatangazia. "Aliyeua mashine ya watu hataigusa tena. Hilo nalisema mapema ili mtu asije akalia."

"Ng'ombe na injini, wapi na wapi," akanong'ona Denis, kwa sauti ya mnong'ono inayofika mbali. Denis ndiye aliyekuwa na hendeli kabla ya Malale. Kikundi kilipoona kijana wa Kisukuma amekuja na ng'ombe wa kukokota, na injini anaijua vilevile, wakampa yeye. Denis akabakiziwa kunoa visu vya mashine na pikipiki yake ya abiria.

Malale akampa kisogo. Alimgeukia mwenyekiti. "Kama sina hendeli, mimi Mwese nafanya nini? Ng'ombe wangu nawarudisha Usevya kwa kaka yangu Makoye. Kikao mtakaa wenyewe."

Akaondoka kufuata nira yake.

Verdiana aliyaona yote hayo akiwa na sinia la vikombe mkononi. Alikuwa dada yake Gaspar, mama wa makamo anayeuza chai na maandazi njia panda, na nyumba yake haikuwahi kukosa mtu wa kukaa na kusema jambo. Watoto wake walishaolewa na kuoa, wametawanyika mpaka Mpanda mjini. Tangu Malale apange chumba cha nyuma, vicheko vilikuwa vimerudi: jioni rafiki zake wanakuja, mmoja na redio, mwingine na mahindi ya kuchoma, na Verdiana katikati yao kama malkia. Hakutaka kufikiria uani kwake bila ng'ombe wale wawili na bila kelele zile. Isitoshe, mtu akimwambia "niliweka maji" alikuwa anajua kuangalia macho yake.

Aliweka sinia chini, akamfuata.

"Malale. Simama, baba. Usifunge hiyo nira."

"Mama, mimi nimeshasemwa."

"Kusemwa hata mimi nasemwa kila siku. Niambie, maji uliyatoa wapi?"

"Kwa mama Séverine. Kisima cha mwenyekiti kilikuwa na tope."

"Nani alikuona?"

"Yeye mwenyewe alinishikia ndoo."

"Kaa hapo mpaka saa tisa. Ukiondoka kabla, umewasaidia kusema."

Kwa Séverine ni uzio wa pili. Mama huyo, aliyezaliwa kwenye makazi ya Warundi kule Mishamo na kuolewa Mwese, alikuwa anapepeta maharage. Hakuacha kupepeta.

"Alikuja na ndoo mbili," akasema. "Tulikwenda pamoja. Akamimina, mimi nimeshika, mpaka yakamwagika kwenye miguu yangu. Tazama." Akanyoosha kandambili, tope lilikuwa limekaukia hapo. "Nikamwambia, umeninawisha, sasa niletee na mafuta ya kupaka."

"Na oili?"

"Alichomoa kile kijiti chake, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Yule kijana anaipima ile mashine kama nesi. Kwani wanasema nini huko?"

"Wanasema hakuweka maji."

"Basi wanasema uongo. Saa tisa nitakuja kuusema na mimi ukweli, na kandambili nitakuja nazo."

Verdiana alirudi njiani akiwa mwepesi kidogo. Maji yalikuwepo. Sasa swali likabaki moja: kilichoyachemsha ni nini?

Chakula kilikuwa kimeshapikwa, na hakuna mtu Mwese aliyewahi kuona ubwabwa ukimwagwa kwa sababu ya injini. Watu wakanawa, wakakaa. Gaudensia, mke wa Gaspar, alikuwa amejipanga hasa: wali, maharage ya nazi, mchicha, na juu ya yote migebuka, samaki wa ziwani kutoka Ikola, waliochomwa kwanza kisha wakaungwa kwenye rojo la karanga. Karai zima. Masinia yalipita na watu wakanyamaza, na kwa kundi lile kunyamaza ndiyo sifa kubwa.

"Shemeji Gaudensia ametumaliza," Fausta akasema, kwa adabu lakini bila kuangalia upande wa jiko. Wawili hao walikuwa wanasalimiana kwa kikohozi tu tangu zamu ya msimu uliopita, Fausta alipochinja mbuzi na kuwafanya watu wasimulie mbuzi huyo kila mahali.

Denis alitafuna, akaacha kutafuna, akanusa kipande chake.

"Samaki wa Ikola siku hizi wanakunywa dizeli," akasema.

"Ni mikono yako ya pikipiki hiyo," mtu akamjibu. "Nawa tena."

Watu wakacheka, na Denis akala. Verdiana pia alikuwa ameonja kitu hicho nyuma ya karanga, kitu chembamba cha gereji, lakini njaa ilikuwa imemshika na rojo lilikuwa zuri. Alimtengea Malale sahani, akampelekea alikokaa karibu na ng'ombe wake. Malale alishukuru na hakugusa.

Saa saba na nusu fundi Amedeus akafika. Gereji yake iko Nsemulwa, Mpanda mjini, lakini bahati ilikuwa yao: wiki hiyo alikuwa kijiji cha jirani akitengeneza mashine ya kukoboa mpunga, na simu moja ilitosha. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayezungumza na injini kama anazungumza na mtoto aliyevimba jino. Kwanza alichota chenga kutoka kwenye lundo, akazipangusa kiganjani.

"Visu viko sawa," akasema. "Kisu butu hakikati, kinachana, ungeona nyuzinyuzi hapa, na injini ingekuwa inasukuma kwa nguvu zake zote. Hizi zimekatika safi. Nani ananoa?"

"Mimi," Denis akasema, akikaa vizuri.

"Unanoa vizuri. Oili ipo. Haya, tuone pua."

Mbele ya rejeta kulikuwa na kifuniko cha bati chenye matundu makubwa, kilichobanwa kwa nati nne zenye masikio, zile za kufungua kwa vidole. Amedeus alizizungusha, akakitoa. Wote waliokuwa karibu wakainama.

Nyuma ya kifuniko, vibati vyembamba vya rejeta havikuonekana kabisa. Palikuwa na kitu kama blanketi la vumbi la mti, majani yaliyosagika na chenga, limeshindiliwa mpaka likawa gumu. Fundi alilibandua kwa kidole. Likatoka kipande kama chapati.

"Muuaji huyu hapa," akasema. "Sikilizeni. Maji yanapoza injini, lakini maji nayo lazima yapozwe, na kinachoyapoza ni upepo wa feni kupita hapa katikati. Hapa upepo hauna njia. Maji yakachemka, yakatoka yote kwa juu. Mkaja mkakuta pakavu mkasema hayakuwekwa. Angewasha bila maji tangu asubuhi, ingekufa watu hawajanywa chai."

"Kwa hiyo hakuisafisha," Gaspar akasema. Hakuwa amekata tamaa.

"Nasafisha," Malale akasema. Alikuwa amesogea bila mtu kumwona. "Kila tukipumzika napitisha brashi hapo mbele. Na leo nimepitisha. Lakini fundi, wavu uko wapi?"

"Hilo ndilo nililotaka nikuulize wewe."

"Wavu gani?" Gaspar akauliza.

"Nyuma ya bati hili kuna wavu wa chuma, wa matundu madogo," Amedeus akasema. "Bati linazuia matawi. Vumbi linazuiwa na wavu. Unaubrashi, upepo unapita, maisha yanaendelea. Leo haupo. Kijana alikuwa anabrashi bati, na nyuma yake vumbi linaingia moja kwa moja kifuani."

"Jana jioni ulikuwepo," Malale akasema. "Baada ya kuoshwa niliupitishia brashi yenye dizeli, kama kila siku, ili usishike kutu na vumbi lisigande. Nikaurudisha, nikafunga nati. Leo nati nilizikuta zimefungwa, sikufungua tena."

"Basi aliyeutoa alifungua, akautoa, akafunga vilevile," fundi akasema. "Anayejua kuna wavu ndani. Mpita njia hawezi."

Macho yakahama taratibu, bila mtu kuyaagiza, yakatua kwa Denis.

"Nyie, msiniangalie hivyo," Denis akasema.

Verdiana alimvuta pembeni, nyuma ya ghala. Alikuwa amemjua tangu anatambaa.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Mama Verdiana, hata wewe?"

"Mimi nakuuliza kwa upole. Saa tisa kaka yangu atakuuliza kwa sauti."

Denis akakuna shingo. "Nililala njia panda, kwa Kashinje. Nilikuwa nasubiri gari la samaki. Muulize, tulilala chumba kimoja, anakoroma kama trekta la power tila. Gari lilipita alfajiri, nikabeba kapu nikaja nalo hapa."

"Kwa hiyo alfajiri ulikuwa hapa uani. Na mashine iko hapa uani."

"Nilikuwa mlangoni. Sikushuka hata kwenye pikipiki vizuri. Shemeji Gaudensia akapokea kapu, akalifungua, akashika kichwa. Akasema, Denis, hawa ni wengi, nitawachomea wapi? Nikamwambia aazime wavu wa kuchomea wa Fausta, ninapita huko, nitamletea. Akanitazama kama nimemtukana. Akasema, kwa Fausta siombi hata chumvi. Nikaondoka."

"Ulimwona mtu mwingine?"

"Nilimwona yeye na moto wake. Mama, hendeli naitaka, sikatai. Lakini mashine ikifa, visu nitamnolea nani?"

Verdiana alikaa juu ya gogo. Aliwaza kwa namna yake, kama anamsimulia mtu mwingine aliyekaa mbele yake na kikombe. Eti shoga, samaki kapu zima. Eti jikoni kwa wifi yangu kuna fito tu za kuchomea, nazijua, hazibebi samaki zaidi ya watano. Eti kwa Fausta hakwenda. Na watu wakala samaki waliochomwa, karai limejaa. Aliwachomea juu ya nini?

Kisha akakumbuka kile kitu chembamba cha gereji nyuma ya karanga.

Aliinuka, akaenda alikokuwa amekaa Malale. Sahani ilikuwa palepale na kawa juu yake. Akafunua. Alimgeuza samaki kwa kidole, akamfuta rojo ubavuni. Samaki wa kuchomwa kwenye fito anabaki na mistari minene miwili mitatu. Huyu ngozi yake ilikuwa na miraba midogo midogo iliyopangana, safi kama daftari la hesabu la darasa la kwanza. Akamnusa.

"Mama, unafanya nini na samaki wangu?" Malale akauliza.

"Namsalimia. Usimle bado."

Jikoni, Gaudensia alikuwa peke yake, anaosha masufuria yaliyokuwa tayari yameshaoshwa. Aliposikia hatua hakugeuka.

"Wifi," Verdiana akasema.

"Karibu, wifi. Wali umebaki, nikufungie?"

"Samaki wamebaki?"

Sufuria likagonga beseni. "Wachache."

Verdiana aliangalia huku na huku. Fito za kuchomea zilikuwa pale ukutani, nyeupe, hazina hata doa la moshi wa leo. Angeweza kuanza kupekua, mtungi kwa mtungi. Lakini huyu alikuwa mke wa kaka yake, aliyemlea mama yao mpaka siku ya mwisho, na kupekua jiko la mtu ni jambo lisilorudi nyuma.

"Malale amefunga nira," akasema. "Na wakimwacha yeye watamshika Denis. Mimi kwenye kikao nitaomba samaki, mbele ya watu wote. Utamletaje, hilo ni lako."

Gaudensia aliinamia beseni. Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya maji.

Saa tisa baraza la ghala lilijaa mpaka kwenye ngazi. Gaspar alikaa na hendeli magotini. Séverine alitangulia kusema, akavua kandambili moja na kuionyesha kwa watu, na suala la maji likafa hapo. Fundi akarudia habari ya wavu. Gaspar akasikiliza mpaka mwisho, na ikabidi amwangalie Malale.

"Basi wewe nakutoa kwenye maji," akasema. "Lakini aliyetoa wavu alitaka uonekane hufai. Nani anafaidika ukionekana hufai? Denis, simama."

Denis akasimama. Alisema habari ya Kashinje na kukoroma kwake, na Kashinje mwenyewe alikuwepo akakataa kwamba anakoroma.

"Kwa hiyo hamkulala pamoja?" Gaspar akauliza.

"Tulilala. Ila sikoromi."

"Lakini alfajiri ulikuwa hapa kwangu, Denis. Kweli au si kweli?"

"Kweli, lakini…"

"Mtu pekee aliyefika hapa alfajiri, anaijua mashine, na anaitaka hendeli. Mimi nimuulize nani mwingine?"

Watu wakaanza kugunaguna, kule kuguna kunakomaliza mtu.

"Kaka," Verdiana akasema kutoka nyuma. "Mimi nina njaa."

"Verdiana, kikao hiki."

"Najua. Lakini samaki walikuwa watamu na nasikia wamebaki. Wifi Gaudensia, niletee samaki mmoja hapa, na watu wamwone."

Watu wakatazamana, hawaelewi lakini wanahisi jambo. Mlango wa jiko ulikuwa wazi na hakuna aliyetoka. Verdiana aliutazama ule mlango. Aliwaza kwamba kama wifi yake ataleta sahani, itabidi aseme mwenyewe, mpaka mwisho, na Krismasi hii hawatakaa meza moja.

Gaudensia akatoka. Alikuwa amejifunga khanga upya na anatembea wima. Hakubeba sahani. Mikononi, kama mtu anayebeba sinia la posa, alikuwa ameshika wavu mdogo wa chuma, wa mraba, umeungua katikati, na juu yake samaki watatu.

Akauweka chini mbele ya mume wake.

Amedeus aliinama, akaushika pembe moja. "Ndio wenyewe," akasema taratibu, kama mtu aliye msibani.

"Umeutoa wapi?" Gaspar akauliza.

"Kwenye mashine. Mimi. Alfajiri, Denis alipoondoka." Gaudensia alizungumza na watu wote, si na mume wake. "Jana kwa Fausta niliuosha mimi, nikausifia moyoni. Leo samaki wamekuja kapu, fito zinabeba watano, na watu wanakuja. Nikasema huu ni chujio tu la takataka. Takataka za nusu siku zitamfanya nini? Kifuniko nikakirudisha pasionekane wazi. Mchana mkiwa mnakula ningeurudisha. Bi Harusi hakunisubiri."

"Lakini kwa nini samaki wa kapu zima?" Gaspar akasema. "Maharage yalikuwepo."

"Kwa sababu kwa Fausta walikula mbuzi." Sasa alimgeukia Verdiana. "Na wewe wifi ndiye umemtembeza huyo mbuzi kijiji kizima. Mbuzi wa Fausta laini, mbuzi wa Fausta ana mafuta. Kila nikija kunywa chai kwako namkuta mbuzi. Nikasema siku yangu mimi, mke wa mwenyekiti, wasije wakasema walikula maharage."

Verdiana alikubali kwa kichwa. Lilikuwa kweli, na mbuzi kweli alikuwa laini.

"Na huyu kijana?" Gaspar akauliza. "Ulisikia namnyang'anya hendeli."

"Hapo ndipo nilipokosa kweli. Nilikuwa natoka jikoni niseme. Kila nikifungua mdomo, wewe unakuwa umeshasema kubwa zaidi. Aliyeua mashine hataigusa tena. Nikaogopa. Kadiri ulivyosema ndivyo nilivyonyamaza." Akamwelekea Malale, akapiga goti kidogo, kama anavyomsalimia shemeji. "Nisamehe, baba. Nilikuacha ubebe mzigo wangu tangu saa nne."

Malale alitazama chini, akitafuta pa kuweka mikono. "Simama, mama," akasema. "Simama, unaniaibisha."

Ndipo Denis akakohoa. "Mwenyekiti, naomba mwongozo. Ulisema aliyeiua haigusi tena. Sasa shemeji hataiosha?"

Kicheko kilianzia kwenye ngazi, kikapanda barazani, na Gaspar mwenyewe, baada ya kupigana nacho, kikamshinda. Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono.

"Fundi," akasema, "imekufa kabisa?"

"Haijafa. Gasketi ya silinda hedi ndiyo imeungua. Kijana aliizima mapema. Angebabaika kidogo tu, ingenoki, ikakwama isizunguke tena, na hapo tungekuwa tunazungumza msiba. Gasketi ninayo kwenye mfuko. Kesho mchana inalia."

"Gasketi ni juu ya nyumba yangu, na kazi yako pia. Na wavu mpya. Denis, ukae, nimekukosea. Na kuanzia leo mashine ikiamka, mwenye nyumba na dereva wanafungua kile kifuniko pamoja, wanautazama wavu kwa macho yao manne, ndipo hendeli inazungushwa."

"Na wavu wa kuchomea samaki?" Séverine akauliza.

Fausta, aliyekuwa amekunja mikono tangu mwanzo, akaikunjua. "Wangu upo nyumbani," akasema, akimwangalia Gaudensia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Ungeniomba ningekupa. Halafu ningekusema, lakini ningekupa."

"Najua ungenisema," Gaudensia akasema. "Ndiyo maana."

Wote wawili wakacheka, kila mmoja kwa upande wake kwanza, halafu pamoja.

Gaspar alisimama na hendeli. Alipita katikati ya watu mpaka mbele ya Malale, akainyoosha kwa mikono miwili.

"Chukua, mwanangu. Nira ile kaifungue."

Lakini Malale alikuwa ameshachuchumaa. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni, na samaki watatu walikuwa pale mbele yake juu ya wavu wa mashine yake mwenyewe. Alichukua mmoja, akang'ata, akatafuna kwa makini huku kikundi kizima kikimsubiri.

"Denis hakudanganya," akasema. "Dizeli ipo."

Akang'ata tena.

"Mwenyekiti, nishikie kidogo," akaongeza. "Mikono ina mafuta."

Na Gaspar akabaki amesimama vilevile, hendeli mikononi, mpaka kijana alipomaliza na samaki wa pili.